Saa Mbili ya Nani?

Jiwe lilikuwa la kwanza. Nyuma yake kandambili ya mguu wa kushoto, kisha chupa ya maji iliyotiwa mchanga isipeperushwe, kipande cha tofali, kofia kuukuu, na mfuko wa rambo uliopigwa fundo, maana mwaka huo mifuko ya plastiki ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Vitu kumi na vitatu vimejipanga kwenye baraza ya zahanati yangu, Ngamiani, Tanga, kama watoto wa shule mstarini. Wenye vitu walikuwa ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, kila mmoja na kikombe chake na kashata yake, jicho moja kwenye mazungumzo, jingine kwenye mali yake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Bango la mlangoni linasema tunafungua saa mbili.

Nilipoiona foleni ile mara ya kwanza nilifurahi, sifichi. Nilijiambia kibanda chenye watu ndicho chenye chipsi tamu. Watu wanaamka na adhana kwa ajili yangu! Miaka mitatu ilipita ndipo nikaelewa kwamba lile jiwe halikuwa sifa. Lilikuwa shitaka, na mshitakiwa ni mimi.

Mimi ni tabibu. Wagonjwa huniita dokta, na nimeshachoka kuwasahihisha. Nilitoka hospitali ya serikali nikafungua zahanati ya vyumba vitatu: chumba changu, maabara, na chumba cha mbele ambamo mapokezi na dirisha la dawa vinabanana. Tulikuwa watano, mimi na mlinzi tukiwemo. Walionitangulia katika kazi walikuwa wakitusimulia kwamba sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku matibabu binafsi ya biashara, mlango ukaja kufunguliwa tena 1991. Kwa hiyo sisi tuliofungua baadaye hatukuwa na mzee wa kutuonyesha zahanati ndogo inavyoendeshwa. Tulichokijua ni desturi ya hospitali kubwa: njoo alfajiri, chukua namba, subiri, ukisikia jina lako itika. Nikaihamisha desturi hiyo nzima nzima, pamoja na mabenchi yake, nikaiingiza kwenye nyumba ya vyumba vitatu.

Wagonjwa wangu wengi walikuwa wa kurudi: presha, sukari, pumu, vidonda vya kusafishwa. Hao tuliwapa tarehe. "Mama, njoo tarehe 14." Basi. Tarehe 14 tuliyompa yeye tulikuwa tumewapa na wenzake ishirini, kwa sababu dada wa mapokezi alikuwa akihesabu siku 30 kwa vidole na wote walioonwa siku moja waliangukia siku moja. Tarehe 13 tunapiga miayo, tarehe 14 watu wamekaa mpaka kwenye ngazi.

Nikanunua kaunta buku. Nikachora mistari kwa rula, nikaandika saa pembeni: mbili, mbili na robo, mbili na nusu, hivyo hivyo mpaka saa saba. Kila mtu na saa yake kwenye kadi. Nilijiona fundi. Wiki ya kwanza wote walikuja saa kumi na mbili asubuhi na kadi zao mkononi, wakapanga mawe kama kawaida. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikasema lile neno ambalo kila mwenye ofisi nchini hulisema siku yakimshinda: "Waswahili bwana, muda hawaujui."

Kuna mama muuza vitumbua, mgonjwa wangu wa presha, niliyemwandikia saa nne. Alikuja na giza. Nikamuuliza mbele ya watu, kwa sauti ambayo leo naionea haya: "Mama, hapa kwenye kadi pameandikwa saa ngapi?"

Akanijibu kwa ule upole wa Kitanga unaokata kuliko tusi: "Pameandikwa saa nne, baba. Na pale mlangoni pameandikwa saa mbili. Wewe jana uliingia saa ngapi?"

Benchi zima likakohoa. Jana yake nilikuwa nimeingia saa tatu na dakika ishirini, nikitokea benki. Juzi yake saa tatu kasoro. Mama huyu hakuwa na tatizo la muda hata chembe. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuumua unga, akawa na vitumbua vya moto stendi kabla basi la kwanza halijaondoka, anaujua muda kuliko mimi. Alikuwa amepiga hesabu yake: dokta hana saa maalumu, saa ya kwenye kadi haina mwenyewe, kwa hiyo kinga pekee ni kuwahi kuliko mwenzako. Ningekuwa yeye, ningeleta jiwe kubwa zaidi.

Siku ile nilimpa dada wa mapokezi karatasi nyingine, ya siri kidogo. Kwa wiki mbili aliandika mambo manne tu: mgonjwa amefika saa ngapi, ameingia kwangu saa ngapi, ametoka saa ngapi, na mimi nimefika saa ngapi. Sikuipenda ile safu ya nne. Niliyaona mambo ambayo nilikuwa nayafanya kila siku bila kuyajua. Nilidhani kila mgonjwa namtumia dakika kumi. Kumbe wa presha aliyekuja kuongezewa dawa alikuwa akitoka baada ya dakika saba nane, na mgonjwa mpya, hasa mzee anayeanza maelezo yake tangu vuli ya mwaka juzi, alikuwa akivuka ishirini. Nilidhani foleni inaletwa na wingi wa watu, kumbe saa nzima ya asubuhi ilikuwa ikiliwa na mimi mwenyewe, na nusu saa nyingine ikimegwa vipande vipande: simu, muuza dawa wa kampuni aliyekuja na kalamu za zawadi, na wale wa "naonyesha majibu tu, dokta, sikai." Hakuna mtu anayekaa muda mrefu kama anayesema hakai.

Rafiki yangu anayefundisha takwimu alipousikia mkasa huu alicheka, kisha akaniletea makala ya zamani. Mwaka 1952 Waingereza wawili, J. D. Welch na mwanatakwimu Norman Bailey, walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu foleni na miadi ya wagonjwa wa nje hospitalini. Waliyoyaona yalikuwa ya kwangu, ila yamevaa koti: wagonjwa huitwa wengi na mapema ili daktari asije akakaa hata dakika moja bila mtu mbele yake. Muda wa daktari unalindwa kwa kuuteketeza wa wengine. Shauri lao ni jepesi hadi linachekesha. Saa ya kufungulia waite wawili, ili mmoja akichelewa yupo mwingine. Baada ya hapo mwite mmoja mmoja, kwa nafasi inayolingana na muda ambao mgonjwa hutumia kwa wastani. Na daktari afike kwa wakati, la sivyo hesabu yote imevunjika kabla haijaanza.

Hilo la mwisho halikuhitaji kompyuta wala mkopo. Lilihitaji mimi niende benki mchana.

Tukachora daftari upya. Saa mbili kamili wawili. Wa kurudi wakapewa robo saa kila mmoja, mgonjwa mpya akapewa mbili. Baada ya kila wagonjwa wanne tukaacha mstari mmoja mtupu, na dada wa mapokezi nikamwapisha kwamba mstari huo hauuzwi. Ndio mstari wa kupumulia. Mtoto anaweza kuletwa na degedege, mama anaweza kulia, na mtu anayelia humfukuzi eti robo saa yake imekwisha.

Wa saa mbili nao tuliwachagua. Hapo mwanzo tuligawa saa kama karanga, anayefuata anachukua inayofuata. Sasa tukaanza kuuliza kabla ya kuandika: "Unatoka wapi, na unafikaje?" Wa Pangani akipewa saa mbili lazima alale kwa ndugu au atoke na nyota, tukampa saa tano. Mvuvi anataka saa ambayo maji yamejaa au yametoka, na saa hizo zinasogea kila siku, kwa hiyo yeye ndiye anayetuambia. Mwalimu anataka saa tisa. Mama ntilie hataki kabisa kusikia habari ya saa sita. Ijumaa tunafunga daftari kuanzia saa sita hadi watu watoke msikitini. Ramadhani daftari zima hugeuzwa, asubuhi inakuwa nyepesi na tunafungua tena usiku baada ya tarawehe; mwaka wa kwanza nilibisha, nikakaa peke yangu saa kumi jioni nikiwasikiliza majirani wakipika.

Mama wa vitumbua nilimwandikia tena saa nne. Sijui ni kwa udadisi au kwa kunijaribu, safari hii alikuja saa nne kasoro dakika tano. Akaingia saa nne na dakika sita. Alipotoka aliitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akauliza: "Leo kuna msiba?"

Mwaka uliofuata tamaa ikaniingia. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alikuja na programu ya miadi: unaingiza jina na namba ya simu, jioni inatuma ujumbe yenyewe kwa watu wote wa kesho. Nilipenda lile neno "yenyewe". Tukaiwasha.

Bibi mmoja wa sukari, mkazi wa Makorora, alitakiwa aje kupimwa sukari ya asubuhi kabla ya kula. Ujumbe ulisema aje saa 08:00, asile kitu tangu usiku. Simu haikuwa yake, ilikuwa ya mwanawe, na aliyemsomea ni mjukuu wa darasa la tatu. Mtoto alisoma alichokiona, na alisoma vizuri: saa nane kamili.

Saa nane mchana nikamwona bibi anashushwa kwenye bajaji. Amejitanda khanga, paji la uso limelowa jasho, mikono inatetemeka hadi kadi ikamponyoka. Alikuwa hajala tangu jana usiku. Ila kidonge chake cha sukari alikuwa amekimeza alfajiri kama kawaida yake, kwa sababu ujumbe ulikataza chakula, haukusema lolote kuhusu dawa. Tukamtoboa kidole: sukari imeshuka hadi 2.9. Tukampa soda nusu chupa, taratibu, nesi akiwa amemshika kichwa. Baada ya dakika 15 tukapima tena, imepanda; tukamletea chai na mkate. Rangi ilipomrudia alinishika mkono akasema kwa fahari ya mtu aliyetimiza masharti: "Mlisema nisile, mwanangu. Sijala."

Nilienda nyuma kwenye tanki la maji nikasimama.

Kosa halikuwa la mtoto, na kwa kweli halikuwa la programu. Ile programu ilitengenezwa kwa watu ambao siku yao inaanza usiku wa manane. Yetu inaanza jua likichomoza, na saa ya kwanza tunaiita saa moja. Kila mmoja wetu anajua kuruka kutoka hesabu moja kwenda nyingine, tunaruka mara ishirini kwa siku tukitazama simu, kiasi kwamba tunasahau kuwa tunaruka. Mimi nililala nikiamini kwamba 08:00 ni saa mbili. Ni saa mbili kwa mwenye mazoea. Kwa anayesoma tarakimu kama zilivyo, nane ni nane.

Tangu siku hiyo hakuna tarakimu tupu inayotoka zahanati kwangu. Tunaandika kwa maneno, na sehemu ya siku lazima ifuate: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi jioni. Tarehe inaongozana na jina la siku. Wanaokuja kupimwa kabla ya kula wanaambiwa kwa mdomo, na wanarudia wao wenyewe mbele ya nesi: sitakula, sitameza kidonge, nitakuja na kitafunwa changu. Na hao ndio wanaopewa saa mbili kamili, wale wawili wa mwanzo, bila mjadala. Mwenye njaa hapangwi saa nne.

Programu niliizima. Si kwa hasira. Ujumbe nilitaka uendelee, ila uwe na mtu nyuma yake. Nilikuwa nimesoma habari ya utafiti mmoja wa Kenya ulioitwa WelTel, ulioanza mwaka 2007, wenye watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu hivi walikuwa wakitumiwa ujumbe kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Nao wajibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au asiyejibu, alipigiwa simu. Matokeo yalitoka katika Lancet mwaka 2010: waliokuwa wakiulizwa hali walishika dawa zao vizuri kuliko wenzao. Nililipenda lile neno kuliko takwimu zake. Halikutaja ugonjwa, halikutaja dawa, wala halikuamrisha. Mtu yeyote mwenye simu ya kuazima anaweza kulipokea mbele ya shemeji zake wote.

Sisi tuliandika: "Habari za jioni. Kesho Jumanne saa tatu asubuhi tunakutazamia. Ukija, bipu mara moja. Huwezi, bipu mara mbili." Kubipu hakumgharimu mtu senti. Nilikuwa nimeona wengi wasiofika hawakuwa wakaidi. Hawakuwa na salio la kusema siji. Jioni ya kwanza simu ya mapokezi ililia ikakata, ikalia ikakata, kama vyura wa masika. Waliobipu mara mbili tuliwapigia kwa gharama yetu tukawapa siku nyingine, na nafasi zao tukawapa watu waliokuwa wakizisubiri. Nilichokuwa nikilipa kwa vocha hakikufika hata bei ya kalamu za yule muuza dawa, kama angezinunua mwenyewe.

Asiyebipu kabisa tunamwandika kwa penseli. Hatumlaumu. Mvua za masika zikikata barabara, msiba ukitokea, mtoto akifukuzwa ada, zahanati si jambo la kwanza. Wenzangu kadhaa hutoza faini wasiofika. Nawaelewa, kodi ya pango haisubiri, lakini sijaona mgonjwa wa presha aliyeponywa na faini. Harudi tu.

Wale wanaoamka wanaumwa, wasio na miadi, walinitesa zaidi. Homa haipewi tarehe. Nilijaribu kuwaweka mwishoni, nikaona watoto wenye homa wakimngoja mzee mwenye presha nzuri tu amalize kunieleza habari za shamba. Sasa Jumatatu nusu nzima ya daftari haiandikwi mtu, na siku nyingine tunaacha theluthi. Mtoto wa homa akifika, nesi anampima joto na kumpeleka maabara moja kwa moja. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka kama robo saa hadi dakika ishirini, na katika robo saa hiyo mimi namwona wa kwenye daftari. Anapotoka, majibu ya mtoto yako mezani. Hakuna aliyerukwa, ingawa kila wiki yuko anayeapa kwamba karukwa.

Kuna kitu ambacho daftari halikukiweza kwa muda mrefu: mlango wa nyuma. Kila zahanati ndogo inao. Wanaupitia mjumbe, mwenye nyumba, mtu wa msikitini, rafiki wa mdogo wako. Dada wa mapokezi hawezi kumzuia mtu aliyemzidi umri na cheo. Akijaribu anaitwa hana adabu. Nilinunua kufuli. Juma lilelile akaja mama mkwe wangu, akazunguka nyuma, akakuta kufuli, akarudi mbele akakaa kwenye benchi baina ya mpiga debe na mama mwenye mapacha. Nilimwona kwa pazia. Nilitoka, nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote, nikamwambia zamu yake ni baada ya watu wawili, nikarudi ndani magoti hayana nguvu. Alikaa. Akaingia, akapimwa, akashukuru, na wiki nzima hakunisemesha. Lakini benchi lilikuwa limeona, na mjumbe naye alikuwa kwenye benchi. Nyumbani nililipa kwa namna nyingine, habari hiyo tuiache.

Kaunta buku tulilonalo sasa ni la tisa. Foleni ya mawe ilikwisha pole pole, haikuwa na siku maalumu. Asubuhi moja mlinzi alifagia baraza akaona hana cha kusogeza. Benchi moja tumelipeleka maabara. Siku za mwisho wa mwezi, watumishi wakishapata mishahara, bado tunazidiwa, na kadi za bima zikigoma kuhakikiwa kwa sababu ya mtandao, mpango wote unasogea nusu saa na natoka mwenyewe kuwaambia watu.

Mzee mwenye lile jiwe la kwanza bado ni mgonjwa wangu. Miadi yake ni saa tatu asubuhi, Jumatano ya kwanza ya mwezi, naye hufika saa kumi na mbili akitoka msikitini. Nimemweleza mara nyingi kwamba hana haja. Ananiambia anajua, saa yake ni saa tatu. Anakuja kunywa kahawa na mlinzi. Tumemwekea kiti.